Uzi wa plastiki ndani ya mkebe

Kaskazi ilikuwa imeshapoa na matlai yameanza, ndipo mzee mmoja kutoka Ngomeni aliponifuata ufuoni Malindi akiwa ameshika mkebe wa maziwa ya unga. Alinisalimu, akauliza kama mimi ndiye nahodha wa zile boti za wageni anayeandika samaki kwenye daftari. Nikamwambia ndiye. Akafungua mkebe. Ndani, pamoja na ndoana kuukuu na sindano ya kushonea nyavu, mlikuwa na uzi wa plastiki wa urefu wa kidole, umepigwa namba. Ulitoka kwenye bega la sulisuli, samaki wa mdomo mrefu, aliyenasa katika jarife lake, ule wavu mkubwa wa kutega, na mzee alikaa nao miezi saba.

"Mbona hukuuleta siku zote hizo, mzee wangu?"

"Niliogopa, mwanangu. Nilidhani nimevua samaki wa wenyewe."

Maneno hayo yamenikaa rohoni, na ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Samaki wa wenyewe. Sisi wa klabu za uvuvi wa mchezo tumetia nyuzi hizi za alama sulisuli na nduaro, jamaa yake mkubwa, tukawaachia ili wakivuliwa tena wajulikane, kwa miaka mingi, tukijihesabu kuwa watetezi wa bahari, kumbe mtu tuliyemhitaji kuliko wote alikuwa akiuficha uzi wetu kwa hofu ya kushtakiwa.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu wengi huiona kutoka ufuoni tu, boti ikirudi na bendera juu.

Msimu wetu hufuata pepo. Kusi inapovuma kwa nguvu, Mei hadi Julai, boti nyingi hupandishwa juu zikapakwa rangi. Agosti tunaanza kutoka tena. Sulisuli huja kwa wingi kuanzia Novemba, nduaro hufuata baada ya mwaka mpya hadi Machi. Wanafuata chakula. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hupanda kutoka kusini mwaka mzima, lakini kaskazi ikishika, mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka. Mikondo hiyo miwili hugongana huku juu, kati yetu na Lamu, na maji baridi ya chini yenye rutuba huinuka. Rutuba hulisha vijidudu, vijidudu hulisha dagaa, dagaa huleta jodari, na nyuma ya jodari ndiyo wenye midomo mirefu kama mkuki. Miinuko ya chini ya bahari iitwayo North Kenya Banks, mbele ya Ghuba ya Ungwana, husukuma maji hayo juu zaidi. Karibu na pwani tuna alama nyingine: mto Sabaki humwaga maji mekundu ya tope, nasi hutafuta ule mstari ambapo wekundu unakutana na samawati. Hapo ndipo tunaporambaza, boti ikienda taratibu na chambo zikiruka nyuma.

Sulisuli akila, mgeni hushika fimbo na rili, mimi hushika usukani, baharia wangu hungoja ubavuni. Hapa kuna jambo ninalolishikilia hata mbele ya wenzangu wa klabu: napinga mshipi mwembamba. Shirika la kimataifa la uvuvi wa mchezo, IGFA, lililoundwa 1939, huweka rekodi kwa kipimo cha nguvu ya mshipi, kwa hiyo mtu anaweza kuingia vitabuni kwa kumchosha samaki mkubwa na mshipi dhaifu kwa saa tatu. Samaki aliyepigana saa tatu hata ukimwachia huenda akafia chini usikomwona. Tumia mshipi mzito, mlete upesi, mwache upesi. Ndoana nayo iwe ya duara, ambayo hunasa pembe ya taya, isiwe ile iliyonyooka ambayo humezwa hadi tumboni.

Akifika ubavuni, hatumpandishi. Boti huendelea mbele polepole ili maji yapite kwenye mashavu yake apate pumzi. Baharia humshika mdomo kwa glavu, huchoma uzi kwa kijiti kwenye nyama ya bega, juu ya ule mstari wa ubavuni, hutoa ndoana au hukata mshipi karibu nayo, halafu humwongoza mpaka atikise mkia mwenyewe. Mimi huandika: namba ya uzi, tarehe, mahali, urefu na uzito wa kukadiria, hali yake alipoondoka. Karatasi hiyo huenda Watamu, kwa African Billfish Foundation, wanaokusanya takwimu za nyuzi kutoka boti za pwani hii.

Haikuwa hivi zamani. Nilipoanza kazi nikiwa kijana wa kuosha sitaha, samaki alihesabiwa alipokuwa ananing'inia kwenye mzani, mgeni kando yake na kamera mbele. Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934 na hadithi yake bado inasimuliwa hotelini. Sijasikia mtu akisimulia habari za mabaharia wa hapa waliomwonyesha maji. Ila walikuwa na sababu ya kupenda mzani, na sababu hiyo haijafa. Samaki aliyekufa alikuwa wa mabaharia. Walimuuza kwa tajiri wa samaki au kwa mama karanga, wale wanawake wa kukaanga samaki, na pesa hiyo ilikuwa karo na unga. Klabu ilipoanza kuhimiza kumwachia samaki, ilikuwa inamwomba mgeni asamehe picha, na inamwomba baharia asamehe chakula cha nyumbani. Wageni walipigiwa makofi. Baharia hakuulizwa.

Baba yangu, aliyevua mshipi maisha yake yote nje ya mwamba, aliniuliza mara moja: "Mwanangu, mwenyezi Mungu amekupa riziki mkononi, unairudishaje?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Klabuni ilituchukua misimu miwili ya mabishano kukubaliana kwamba kila sulisuli anayetiwa uzi na kuachiwa, mwenye boti hulipa mabaharia kiasi kinacholingana na nyama ambayo wangeuza. Mashindano nayo tukayageuza: samaki aliyeachiwa ana alama nyingi kuliko aliyeuawa, na nduaro asiyefika uzito uliowekwa akiletwa mzanini, boti inakatwa alama. Hapo ndipo niliona mabaharia wenyewe wakimkemea mgeni anayetaka kumpandisha samaki kwa ajili ya picha.

Na wale nduaro wakubwa sana, wa kilo mia tatu na zaidi, wote ni majike. Madume hawafiki huko. Kwa hiyo kila picha ya zamani ya jitu lililotundikwa ni picha ya mama aliyebeba mayai kwa mamilioni. Nilipolijua hilo, nilishindwa kuzitazama zile picha za ukutani kama nilivyozitazama awali.

Sasa nirudi kwenye uzi. Kwa samaki wa aina hii, katika kila nyuzi mia zinazotiwa, hurudi chache tu. Ni idadi ndogo mno, na ndiyo maana kila unaorudi ni dhahabu. Unarudishwa na nani? Si boti ya mgeni mwingine peke yake. Ni pia mvuvi wa jarife wa Ngomeni au Mayungu, mvuvi wa mshipi wa Watamu, au meli kubwa ya nje. Kama mvuvi wa hapa haujui uzi huu, au anauogopa, basi kazi yetu yote ya baharini imeachwa nusu. Na sisi tulimtangazia vipi? Tulichapa karatasi nzuri za rangi, kwa Kiingereza, tukazibandika kwenye baa ya klabu.

Utetezi wetu mkubwa tuliupeleka kwingine. Tulishughulika na meli za ndoana nyingi, zile zinazotandaza mshipi mmoja wa kilomita mia wenye maelfu ya ndoana. Tuliandika maoni kila serikali ilipoita wananchi kuchangia sheria, kama Katiba ya 2010 inavyotaka. Hayo ni mambo ya haki na nitaendelea nayo. Tume ya Jodari ya Bahari Hindi, yenye makao Ushelisheli, iliweka mwaka 2018 vikomo vya mavuno kwa mwaka: tani 25,000 za sulisuli, 11,930 za nduaro wa buluu, 9,932 za nduaro mweusi, na 3,260 za nduaro wa mistari, ambaye hali yake ndiyo mbaya kuliko wote. Ilikataza pia kubaki na samaki wa jamii hii aliye chini ya sentimita 60, akipimwa kutoka ncha ya taya la chini hadi panda ya mkia. Februari 2023 tume hiyo ilikutana hapa kwetu Mombasa, ikapiga kura kusimamisha kwa siku 72 kila mwaka vile vyelezo vinavyoelea vyenye mitambo ya setilaiti, ambavyo meli za nyavu huvitumia kukusanya jodari. Tulifurahi sana. Kisha Umoja wa Ulaya na nchi nyingine zikaweka pingamizi, na uamuzi ukakosa nguvu. Vyelezo hivyo bado tunaviokota vikiwa vimetupwa na mawimbi, kamba zake zimejisokota kwenye matumbawe.

Lakini kuna ukweli ambao wenzangu hawapendi kuusikia. Sulisuli wamekuwa wakivuliwa kupita kile kikomo, na sehemu kubwa yao katika bahari hii hawanasi kwenye ndoana za meli kubwa. Wananasa kwenye majarife, hasa ya nchi za kaskazini mwa Bahari Hindi, kwenye vyombo vya watu wanaofanana sana na mzee wangu wa Ngomeni. Ni rahisi kuilaumu meli usiyoijua nahodha wake. Ni vigumu kukaa chini ya mti na mtu mwenye watoto sita ukazungumza naye juu ya samaki ambaye yeye amuuza kwa kilo na wewe umuuza kwa picha.

Tulikaa, hata hivyo. Tangu kanuni za 2007, kila ufuo wa kushushia samaki una BMU yake, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, yenye viongozi waliochaguliwa na wavuvi wenyewe, na huko ndiko tulikopaswa kubisha hodi tangu mwanzo. Mkutano wa kwanza ulikuwa mgumu. Kijana mmoja alisimama akasema klabu ndiyo iliyowafukuza kwenye mwamba. Nilimweleza kwamba Hifadhi ya Bahari ya Malindi iliwekwa na serikali mwaka 1968, kabla mimi na yeye hatujazaliwa, lakini nilielewa anachosema: kwake yeye, kila neno "uhifadhi" lilikuwa limekuja na mlango unaofungwa. Mwingine akauliza kwa nini juya, ule wavu wa kukokota, lilipigwa marufuku 2001 na bado linavutwa, na kwa nini sisi wenye boti za injini mbili hatulisemei hilo kwa sauti ile ile tunayosemea samaki wetu. Aliuliza sawa. Juya huzoa changu na tasi wachanga, na chambo chetu kinatoka kwenye nyasi zile zile. Tangu siku hiyo barua za klabu huandikwa pamoja na BMU au haziandikwi.

Karatasi zikachapwa upya, kwa Kiswahili, zikabandikwa penye mizani ya samaki. Zinasema mambo matano. Samaki ni wako, ule au uuze. Hakuna atakayekushtaki. Tunataka uzi. Tunataka urefu. Tunataka kujua siku na mahali.

Siku ile ya mkebe tuliufungua ukurasa wa daftari langu, mimi na mzee, tukiwa tumekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa. Namba yake ilikuwemo. Sulisuli yule alitiwa uzi Desemba, mbele ya mdomo wa Sabaki, akakadiriwa kilo 25. Mzee alimnasa Septemba, si mbali, usiku wa giza la mwezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Sasa katikati hapo, aliondoka akarudi, au hakuondoka?"

Nikamwambia uzi huu unajua mahali pawili tu, pale alipoachiwa na pale aliponasa. Yaliyo katikati haujui. Alitikisa kichwa, akasema sulisuli wa Septemba yeye huwapata kila mwaka, wachache, wadogo, wakati sisi ndiyo kwanza tumeanza kutoka tena. Niliandika hilo pembeni mwa ukurasa. Miaka yote ya daftari langu haikuwa na hata mstari mmoja juu yake, kwa sababu hatukuwa tukiwatafuta usiku, wala hatukuwa na jarife.

Kaskazi iliyofuata simu yangu ililia saa kumi alfajiri. Alikuwa na nduaro kwenye wavu, ameshakufa, hana uzi, akauliza amfanyeje. Nikamwambia muuze, mzee wangu, ila mpime kwanza. Hakuwa na futi chomboni. Jioni mjukuu wake aliniletea kamba yenye mafundo mawili, na ujumbe kwamba ni pima moja na shubiri mbili, kuanzia taya la chini kama karatasi inavyosema. Niliinyoosha juu ya sitaha: sentimita 229. Imeandikwa.