Kofia ya dohani: ni nini, na kwa nini huziba kabla ya bomba lenyewe

Dohani ni njia inayopitisha moshi kutoka jikoni hadi juu ya paa, na neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni moshi. Kofia ya dohani ni kile kifuniko cha bati au chuma kinachokaa kwenye ncha ya bomba, kikiwa kimeinuliwa kwa miguu mitatu au minne ili moshi utokee pembeni. Huzuia mvua isiingie bombani, na ikiwa fundi ameizungushia wavu, huzuia pia ndege wasijenge kiota na cheche zisirukie nyasi kavu. Njombe, Makete na Mufindi, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako baridi ya Juni hadi Agosti huwakusanya watu karibu na jiko la kuni tangu jioni hadi wakati wa kulala, kofia hii ina kazi kubwa, lakini ni wachache wanaoikumbuka kabla moshi haujaanza kurudi ndani.

Uchafu wake si vumbi la kawaida. Kuni zinapoungua vibaya, moshi hubeba mvuke wa maji pamoja na mvuke wa utomvu ambao haukupata joto la kutosha kuungua. Mvuke huo ukigusa chuma kilichopoa chini ya nyuzi 120 hivi za Sentigredi, huganda na kuwa kitu cheusi chenye kunata, ambacho kitaalamu huitwa kreosoti, nami napenda kukiita lami ya moshi. Sasa, katika safari yote ya moshi, hakuna mahali penye baridi kuliko kofia, kwa maana iko mbali kabisa na moto na upepo unaipiga pande zote. Ndiyo maana bomba linaweza kuwa na utando mwembamba tu wa masizi ilhali wavu wa kofia umeshaziba kabisa.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu nyumbani kwa shangazi yangu huko Makete, mwezi Julai, alipoanza kulalamika kwamba kila akifungua mlango wa jiko moshi unamjia usoni. “Mwanangu, jiko hili limezeeka,” aliniambia. Jiko halikuwa na kasoro yoyote. Nilipopanda juu ya paa nilikuta matundu ya wavu yamefungwa na magamba meusi yanayong’aa, mazito kama ukoko wa ugali chini ya sufuria, na yaliyobaki wazi hayakuzidi ukubwa wa punje ya harage. Kwenye bati chini ya bomba kulikuwa na michirizi ya kahawia iliyokaukia hapo, na michirizi hiyo ndiyo dalili ya kwanza ambayo mtu anaweza kuiona akiwa amesimama uani, bila ngazi.

Wengi katika nyanda hizi huilaumu misindano, au paina kama tunavyozoea kuiita, wakisema utomvu wake ndio unaoziba dohani. Lawama hiyo siikubali. Paina iliyokauka vizuri huungua kwa moto mkali na safi. Tatizo ni kwamba mabanzi tunayonunua kwenye viwanda vya mbao huja yakiwa mabichi, na karibu nusu ya uzito wa mti mbichi inaweza kuwa maji. Joto linalotakiwa kuchoma utomvu huishia kuchemsha maji hayo. Mtu anapoongeza juu yake ile desturi ya kubana tundu la hewa usiku ili kuni zifuke hadi asubuhi, mikaratusi na miwati nayo italeta lami ileile. Pasua kuni, zipange chini ya paa mahali penye upepo, uziache angalau miezi sita, na mikaratusi zaidi ya hapo. Kuni iliyokauka huwa na nyufa kwenye ncha, na ukigonga mbili pamoja hutoa mlio mkavu.

Kofia iliyoziba haileti usumbufu wa macho tu. Moshi unaorudi huja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliolala katika chumba kilichofungwa. Tena lami ya moshi ni kitu kinachowaka: ikirundikana bombani na kushika moto, joto lake linaweza kupasua bomba na kufikia papi, yaani mbao nyembamba zinazoshikilia bati, na mbao za dari. Utando ukifikia unene wa milimita 3, usafi haupaswi kusubiri.

Jiko lilale usiku mzima bila moto kabla ya kupanda. Ngoja pia umande ukauke, kwa sababu bati la asubuhi huteleza sana, kisha funga ngazi kwa kamba na ukanyage kwenye mistari ya misumari, ambako chini yake kuna papi. Funga mlango wa jiko na kuziba nyufa zake kwa gunia lenye unyevu, la sivyo masizi yatajaa sebuleni. Ikiwa kofia inafunguka, ishushe chini uisugue kwa brashi ya waya. Ikiwa imechomelewa, isugue palepale bila kuigonga kwa nyundo, kwa kuwa bati lililoliwa na masizi yenye unyevu hutoboka kirahisi. Ukimaliza, pitisha brashi katika bomba lote na uondoe yaliyoangukia kwenye kiwiko, yaani pale bomba linapokunja, mahali ambapo mafundi wengi husahau.

Kwa shangazi tulifanya hivyo kabla ya saa sita mchana, tukaondoa karibu nusu ndoo ya magamba. Jioni aliwasha jiko kwa kuni kavu za miwati tulizoazima kwa jirani, akafungua mlango wake wazi, na moshi wote ukapanda juu.