Laptopu iliyozimwa bado ina umeme, na dhana nyingine zinazoua mashine

Watu wanaoniletea laptopu walizojaribu kuzifungua wenyewe huwa na maelezo yanayokaribiana. "Fundi, nilikuwa makini kweli. Niligusa bomba la maji kwanza, nikavua saa, nikavua hata pete." Nikimuuliza betri aliichomoa wakati gani, ananitazama tu. Ameogopa umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini mwake, akaisahau betri iliyokuwa imeungwa kwenye bodi, ule ubao mkuu wa ndani, muda wote bisibisi ikipita juu yake.

Nafanya kazi hii Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mashine ninazoshika ni mtumba: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Naamini kabisa kwamba mtu mwenye mkono uliotulia anaweza kubadili RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), SSD (diski inayohifadhi data), betri na hata feni nyumbani kwake. Kinachomponza ni kuogopa vitu vyenye hatari ndogo huku akivipita vile vinavyoua.

"Nimeizima na chaja nimetoa, kwa hiyo haina umeme"

Ina umeme. Kitufe cha kuwashia hakifanyi kazi kama swichi ya taa ukutani inayokata njia. Ukizima laptopu, sehemu ndogo ya bodi hubaki macho ikisubiri kitufe kibonyezwe tena, na chakula chake kinatoka kwenye betri. Betri ya seli 3 ikijaa ina volti kama 12.6. Kwako wewe si kitu, lakini chipu iliyotengenezwa kuishi kwa volti 1.2 ikizipata kwa bahati mbaya, imekwisha.

Somo hili lilinigharimu. Nikiwa bado najifunza kazi, mwanafunzi mmoja wa chuo alileta laptopu iliyopasuka kioo. Nikaizima, nikatoa chaja, nikabandua fremu, nikachomoa waya wa kioo cha zamani na kuchomeka kipya. Kuwasha: taa ya kitufe inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii. Nikajua nimeuziwa kioo kibovu. Mzee aliyekuwa ananifundisha hakusema neno. Alizima taa ya chumba, akawasha tochi ya simu na kuisogeza karibu na kioo kwa ubavu. Pale palipomulikwa nikaiona picha ya Windows na vialama vyake vyote, hafifu kama chaki iliyofutwa vibaya ubaoni. Picha ilikuwepo, taa ya nyuma ya kioo ndiyo haikuwepo.

Waya ule wa kioo haubebi picha peke yake. Hubeba pia umeme wa taa, na kwenye mashine nyingi umeme huo hutoka kwenye njia kuu ya betri kupitia fyuzi iliyo ndogo kuliko punje ya ufuta. Nilipochomeka waya ukiwa umekaa upande kidogo, betri ikiwa hai, pini ziligusana na fyuzi ikakata. Kioo kipya kilikuwa kizima. Dada wa watu alisubiri siku 2 zaidi, na gharama ya ziada nililipa mimi.

Mtego mwingine uko kwenye mashine kama ThinkPad T480, ambazo zimejaa madukani. Ina betri ya nyuma inayochomoka kwa kusukuma vishikizo. Mtu anaitoa, anaishika mkononi, anaridhika kwamba umeme umekwisha. Lakini ndani ya T480 kuna betri ya pili ya wati-saa (Wh) 24, na hiyo hujaigusa. Mtengenezaji ameweka njia nzuri: washa mashine, bonyeza F1 uingie kwenye BIOS (mipangilio ya bodi yenyewe, kabla ya Windows kuwaka), nenda Config, kisha Power, uchague kuzima betri ya ndani. Mashine itazima papo hapo na haitaamka mpaka uichomeke chaja. Baada ya hapo ndipo unafungua kava la chini.

Kwa mashine isiyo na kipengele hicho, kazi yako ya kwanza ukishaondoa kava ni kuchomoa plagi ya betri kwenye bodi, kabla hujagusa kitu kingine chochote. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde 15, ili mabaki ya umeme kwenye kapasita, vipuri vidogo vinavyotunza umeme kwa muda, yaishe.

Hata huko kuzima kwenyewe kuangalie. Tangu Windows 8, ukibofya Shut down mashine nyingi hazizimi kikamilifu, zinahifadhi sehemu ya hali ya mfumo kwenye diski ili kesho ziwake haraka. Ukibadilisha kipuri katikati ya hali hiyo unaweza kupata vituko wakati wa kuwasha. Shikilia Shift unapobofya Shut down, izime kwelikweli.

"Acha chaja imechomekwa ili mashine ipate ethi"

Ushauri huu una asili yake. Mafundi wa kompyuta za mezani walikuwa wakiacha waya wa ukutani umechomekwa, swichi ya nyuma ikiwa imezimwa, ili boksi la chuma liwe limeungwa na ardhi, ndiyo hiyo ethi. Laptopu haina boksi hilo wala swichi hiyo. Ukiacha chaja, umeiachia bodi umeme kamili. Tena chaja nyingi zina pini mbili tu, hazina ethi yoyote, na nyumba zetu nyingi ethi ni tundu la plastiki lisilounganishwa na kitu. Chomoa chaja.

Umeme tuli wenyewe upo, sitaki mtu aondoke hapa akidhani ni hadithi. Mwanadamu huanza kuuhisi cheche yake ikifika kama volti 3,000, wakati vipuri vingine huumia kwa volti chini ya 100. Maana yake unaweza kuumiza kitu na usihisi chochote. Ila hatari yake hutegemea hewa. Dar yenye unyevu wake, mtu akiwa peku kwenye sakafu ya saruji, hujikusanyii umeme mwingi. Dodoma wakati wa kiangazi, au ofisi yenye zulia na kiyoyozi kinachokausha hewa kutwa, ni habari nyingine. Kinachotakiwa ni mwili wako na mashine kuwa katika hali moja ya umeme, kwa hiyo bomba la maji la uani halikusaidii sana ukishatembea tena hadi mezani. Betri ikishachomolewa, gusa chuma cha fremu ya laptopu yenyewe, na urudie kila unapotoka kitini na kurudi. RAM na SSD zishike kingo zake, usiguse meno ya dhahabu. Usifanyie kazi kitandani juu ya blanketi.

"Ikigoma, ongeza nguvu kidogo"

Hapa ndipo vinapovunjika vitu vingi kuliko pengine popote. Laptopu ikigoma kufunguka huwa kuna kitu hujakiona: skrubu chini ya mguu wa mpira, nyingine chini ya stika, au mstari wa klipu za plastiki zinazotaka kuanzwa pembeni mwa bawaba. Tumia kipande chembamba cha plastiki, hata kadi ya zamani ya benki inatosha. Bisibisi bapa ya chuma hula kingo za kava na inaweza kutoboa betri iliyo upande wa pili.

Tepe za kiibodi na tachipadi, yaani nyaya bapa zinazoziunga na bodi, zinahitaji subira ya pekee. Utepe huwa umeshikwa na kibawa kidogo cheusi au cheupe, chembamba kama ukucha wa mtoto. Kibawa hicho kinainuliwa kwanza, ndipo utepe utoke wenyewe bila kuvutwa. Anayevuta utepe kibawa kikiwa kimefungwa hung'oa soketi kwenye bodi, na kuirudisha ni kazi ya kuchomelea kwa hadubini. Lakini si soketi zote zinafunguliwa namna moja. Nyingine kibawa kinasukumwa mbele, nyingine hazina kibawa kabisa. Mulika, tazama kwa karibu, kisha uguse.

Viunganishi vya antena za Wi-Fi, vile viduara vidogo vya dhahabu, huchomolewa kwa kuinuliwa wima na kurudishwa kwa kubonyezwa wima mpaka usikie tiki. Aina inayotumika sana imetengenezwa kuvumilia kuchomolewa na kuchomekwa kama mara 30 tu, kwa hiyo kama huna haja navyo viache.

Na skrubu hazifanani, hata zikifanana kichwa. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inapanda mpaka inatoboa bodi au inachomoza juu ya kiibodi. Mimi nachora umbo la laptopu kwenye kipande cha boksi, kisha kila skrubu naichomeka mahali pake kwenye mchoro. Trei ya mayai nayo inafaa, kila hatua na shimo lake. Bisibisi yenye sumaku isikutie hofu, SSD haihifadhi data kwa sumaku.

"Ikiingia kwenye tundu, itafanya kazi"

Kwa RAM, mkato wa katikati unakulinda kwa kiasi kikubwa. Vizazi vyake huitwa DDR: DDR3 ya laptopu ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na haziingiliani. Lakini DDR3 ya volti 1.5 na DDR3L ya volti 1.35 zina umbo lilelile, na zipo mashine zinazoikataa ile ya kwanza moja kwa moja. Soma kibandiko cha RAM uliyoitoa. Kwa SSD za M.2, zile za umbo la kijiubao chembamba, mambo ni mabaya zaidi. Kuna za SATA na za NVMe, njia mbili tofauti za kuzungumza na bodi, na tundu moja laweza kupokea umbo la zote mbili huku bodi ikiielewa moja tu. Halafu kuna urefu: 2280 ni milimita 22 kwa 80, na kwenye nafasi ya 2242 haina pa kukaa. Kabla ya kutoa hela Kariakoo, tafuta kitabu cha matengenezo cha modeli yako. Lenovo, Dell na HP wanaviweka bure mtandaoni, vikiwa na picha za kila skrubu, na humo utaona pia kama RAM imechomelewa kwenye bodi. T480 ina nafasi 2 za RAM. T480s, yenye herufi moja tu ya ziada, ina nafasi moja na nyingine imechomelewa.

Dhana kwamba RAM mbili lazima zifanane kwa kila kitu si kweli. GB 8 na GB 16 zitakaa pamoja mara nyingi, na yenye kasi kubwa itafuata mwendo wa yenye kasi ndogo.

"Betri iliyovimba unaweza kuibonyeza ikae"

Tafadhali usifanye hivyo. Uvimbe ule ni gesi iliyotokana na kemikali za ndani kuharibika, na ukanda unaotenganisha pande mbili za seli ni mwembamba mno. Ukiukandamiza au ukiutoboa, pande zinagusana na moto unaweza kulipuka. Dalili ya kwanza mara nyingi ni tachipadi kupanda au kubofya kwa shida. Ukiiona, acha kuichaji hiyo mashine siku hiyohiyo. Betri iliyogandishwa kwa gundi isichokonolewe kwa chuma, na kama ni nzima unaibadilisha tu, ishushe kwanza chini ya asilimia 25. Kuhusu kuchaji betri mpya saa 8 kabla ya kuitumia, hayo yalikuwa ya betri za nikeli. Ya lithiamu haihitaji.

Data nayo ilindwe kabla ya bisibisi. Mashine nyingi za Windows siku hizi zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba data ya diski. Ukibadilisha bodi, ukagusa mipangilio fulani ya BIOS au ukahamishia SSD kwenye mashine nyingine, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, picha za harusi na tasnifu vimekwenda. Uandike kwenye karatasi kabla hujafungua skrubu ya kwanza.

Mwisho kabisa kuna watu wanaojikatia tamaa mapema. Ameweka RAM mpya ya DDR5, amewasha, kioo cheusi, kimya. Anazima, anafungua, anarudisha ya zamani, anasema ameua bodi. Bodi za DDR5 huwa zinaipima RAM mpya mara ya kwanza, na zoezi hilo laweza kuchukua dakika kadhaa huku kioo kikiwa giza. Chomeka chaja, iache ilivyo, kachemshe chai.