Ashatembea, Lakini Mkono Je?

"Daktari, mwanangu ashatembea. Twaja kufanya nini tena?" Swali hili naulizwa sana na wazazi wanaovuka feri ya Likoni alfajiri kuwahi kliniki, na nawaelewa. Mtoto aliyegongwa na bodaboda au kuanguka mwembeni, akaumia ubongo, akalala siku kadhaa bila fahamu, akisimama tu nyumba nzima hushangilia. Lakini mara nyingi mguu hutangulia kupata nafuu, mkono ukabaki nyuma.

Mvulana mmoja wa miaka saba aliingia chumbani mbio. Nikampa shati afunge vifungo. Mkono wa kulia ukahangaika peke yake. Wa kushoto ukakaa pajani, ngumi imekunjwa. Mamake akanyamaza, kisha akasema: "Kumbe ndiyo maana hamri humpa dadake amkatie." Sisi tunamfunza mtoto kula kwa mkono wa kulia, kwa hivyo udhaifu wa kushoto waweza kujificha miezi mezani pale pale, mbele ya macho yetu.

Kipimo kimoja cha mwendo wa mwili tunachokitegemea kilitengenezwa Kanada kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, na sasa hutumika pia kwa walioumia ubongo. Kina vitendo 88, kuanzia kugeuka na kukaa hadi kukimbia na kuruka. Kila kitendo hupewa alama 0 hadi 3: 0 hakukianza, 1 amekianza tu, 2 amekifanya kiasi, 3 amekimaliza. Mimi hutazama zaidi 1 na 2. Mtoto aliyetoka 1 kufika 2 anaendelea vizuri, hata kama nyumbani hamjaona tofauti.

Vidole vina kipimo chake: vijiti tisa, matundu tisa, saa inahesabu, kila mkono kwa zamu yake.

Ubongo ulioumia huchoka upesi. Mtoto aliyekesha au aliyekuja na njaa atapata alama za chini zisizo zake, kwa hivyo tuambie kabla hatujaanza. Tukikuomba urudi saa ile ile ya mara iliyopita, sababu ndiyo hiyo.

Nyumbani mpe chupa ya maji iliyofungwa, uangalie anavyoifungua: ni mkono upi umelala, au ameibana kwa magoti? Yaandike, uje nayo. Ila akipoteza ghafla alichokuwa akikiweza, au akitapika, akaumwa kichwa sana au kupata kifafa, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.