Je, wajua kwa nini mawimbi ya ziwa hupanda barabarani Chicago?

Lake Shore Drive, barabara ya takriban kilomita 25, inaambaa ufuo wa Ziwa Michigan mjini Chicago, Marekani. Tangu 2021 jina lake rasmi limetanguliwa na la Jean Baptiste Point DuSable, mfanyabiashara Mweusi aliyeweka makazi hapo karne ya 18. Upepo wa kaskazini ukivuma kwa nguvu, mawimbi huruka ukingo na kuyamwagia magari maji. Nani alijenga barabara kuu karibu na maji kiasi hicho?

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ziwa lenyewe. Katikati ya karne ya 19 maji yalifika hadi jirani na mtaa wa Michigan Avenue, na treni zilipita juu ya nguzo zilizosimikwa majini. Mji ulipoteketea Oktoba 1871, kifusi cha majengo yaliyoungua kilimwagwa kati ya reli na nchi kavu. Leo hapo ni bustani ya Grant Park. Kisha mpango wa mji wa 1909 wa msanifu majengo Daniel Burnham ukataka ufuo uwe bustani ya wananchi wote, na ziwa likazidi kujazwa. Wazo hilo nalipenda mno. Ila ni barabara pana ndiyo iliyokuja kukaa kati ya watu na maji yao.

Ziwa lenyewe lina urefu wa karibu kilomita 500, na Chicago iko karibu na ncha yake ya kusini. Upepo wa kaskazini husukuma maji umbali wote huo bila kizuizi, wimbi likizidi kukua. Ufukwe wa mchanga ungelipunguza nguvu kidogo kidogo likipanda mteremko. Ukuta wa zege hauna mteremko: wimbi hugonga, hurushwa juu, na upepo huyabeba maji hadi kwenye lami.

Februari 2011 dhoruba ya theluji iliongezea balaa. Ajali zilifunga njia, theluji ikarundikana, na mamia ya magari yakakwama usiku huku maji ya ziwa yakiyarukia. Kugeuza hakukuwezekana, maana kizuizi cha katikati hakikuwa na upenyo. Baada ya hapo jiji likaweka sehemu za kufungulia kizuizi hicho, ili magari yakikwama tena yarudishwe yalikotoka.