Trekta dogo linavuja haidroliki? Angalia kwanza oringi yako ni ya raba gani

Wakuu, msimu wa kulima ukikaribia simu za haya matrekta madogo zinakuwa nyingi, Kubota, Yanmar, Iseki, yale yanayoshuka hapa bandarini yakiwa yametumika Japani, na stori ni ile ile, fundi kabadilisha oringi, ile pete ya raba inayozuia oili kuvuja, trekta likapiga kazi siku mbili tatu, afu oili ikaanza kumwagika palepale. Nikiuliza mmeweka oringi ya raba gani naambiwa "nyeusi". Sasa nyeusi inaweza kuwa naitrili, inaweza kuwa EPDM, inaweza hata kuwa Viton, kwa macho huwezi kuzijua, wakati kwenye oili moja inakaa miaka na nyingine inaharibika ndani ya wiki.

Kwa trekta dogo, karibu kila sehemu ya haidroliki inataka naitrili, ile inayoandikwa NBR. Sababu ni oili yenyewe. Mengi ya haya matrekta oili ya giaboksi, ya haidroliki na ya breki za ndani ni moja tu, inazunguka humohumo, na msingi wake ni oili ya madini. Naitrili ndo raba yake hiyo, inavumilia mpaka nyuzi 100 hivi, na oili ya trekta lisilo na hitilafu, hata trekta likisomba mchanga na loda, lile koleo la mbele, kutwa nzima kwa jua letu la Februari, inatakiwa isifike huko. Bei yake ndogo na ipo kila duka, basi watu wanaidharau kwa sababu hiyo.

Adui mkubwa ni EPDM. Hii ni raba nzuri sana ya maji, mvuke na maji ya breki za gari, inavumilia jua kuliko naitrili, lakini ukiitia kwenye oili ya madini inakunywa ile oili. Kuna mteja wa Mlandizi alileta silinda ya loda, oringi alinunua duka la vifaa vya pampu za maji kwa sababu saizi iliingia vizuri. Nilipoitoa ilikuwa imevimba kama andazi lililosahaulika kwenye chai, haitaki kurudi kwenye mfereji wake, ule uliochongwa kwenye chuma inamokaa, ukiibana na vidole inaacha oili, na upande mmoja ilikuwa imenyofolewa vipande ambavyo vilishaanza kusafiri kwenda kwenye vali. Saizi ilikuwa sawa kabisa, raba ndo haikuwa yake.

Kama umeshanunua na hujui ni raba gani, fanya hivi: chukua mbili zinazofanana, moja iweke kwenye chupa yenye oili ya trekta lako, nyingine ibaki kavu, uziache siku tatu, nne, chupa ikikaa sehemu yenye joto ni vizuri zaidi, afu zipime unene kwa vernia, kile kipimo cha milimita. Naitrili itabadilika kidogo sana, EPDM utaiona kwa macho kabla hata hujapima. Na jamani, acheni kuchoma oringi na kiberiti ili mnuse harufu. Naona mafundi wengi wanafanya, na kama ile oringi ni Viton ikiungua inatoa gesi ya haidrojeni floraidi ambayo ni sumu kali, inaunguza mapafu, ngozi na macho. Hata ukikuta trekta lililoshika moto, usishike mabaki ya oringi kwa mkono mtupu.

Tukija kwenye hiyo Viton, jina lake la kitaalamu FKM, wauzaji wengi Kariakoo watakwambia "chukua hii, hii ndo original", na bei inapanda mara kadhaa. Ni raba bora kweli, inafika nyuzi 200, haiogopi oili wala dizeli. Lakini oili yako ikiwa nyuzi 70 au 80 ile nguvu ya joto unailipia bure. Mi naiweka sehemu iliyo karibu na eksozi, au pale naitrili nzuri yenye saizi sahihi imetoka ngumu kama plastiki. Na hata hapo nauliza kwanza kwanini oili imechemka kiasi hicho, maana mara nyingi unakuta filta imeziba, oili iko chini, au vali ya kupunguza presha inapitisha muda wote. Ukiweka Viton bila kurekebisha hayo, oringi itapona na pampu itakufa. Udhaifu wake wa baridi huwa hauanzi mpaka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwahiyo hata trekta likienda Njombe hilo halikuhusu.

Zile nyekundu za silikoni ziacheni kabisa kwenye haidroliki ya presha, zinavumilia joto lakini zinachanika kirahisi mno. Za kijani mara nyingi ni za AC ya gari, raba yake HNBR, kwenye oili haina shida na joto inavumilia kuliko naitrili ya kawaida, tatizo linabaki saizi. Ila rangi isikupe uhakika wowote, kila kiwanda kinapaka kinavyotaka.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii ni ugumu. Naitrili ya kawaida ni 70 kwenye Shore A, kipimo cha ugumu wa raba, na ya presha ni 90. Matrekta madogo mengi yanafanya kazi kwenye psi 2,000 mpaka 2,500 hivi, yaani bar 140 mpaka 170. Ile ya 70 ikiwa peke yake sehemu yenye nafasi kati ya vyuma, presha ikishavuka psi 1,500 inaanza kusukumwa kuingia kwenye ule upenyo, inakatwa ukingo kidogokidogo. Ukiitoa utaona upande mmoja umetafunwatafunwa. Hapo dawa ni ya 90, au 70 pamoja na bakapu, ile ringi nyeupe ya tefloni inayokaa nyuma ya oringi, upande usiotoka presha. Silinda inayosukuma na kuvuta presha inatoka pande zote, basi bakapu zinakaa mbili, oringi katikati. Nasikitika sana nikifungua silinda nakuta fundi aliyepita katupa bakapu kwa kudhani ni takataka ya kiwandani.

Saizi nayo. Matrekta ya Japani yanafuata JIS, vipimo vya kiwango cha Japani, zile saizi zinazoanza na P na G, wakati maboksi mengi ya oringi za mchanganyiko yanayouzwa mjini ni ya inchi. Chukua P20: tundu lake mm 19.8, unene mm 2.4, na mfereji wake una kina cha mm 2, kwahiyo inaminywa kama asilimia 17. Ukiweka ya inchi inayofanana nayo kwa macho, unene ni mm 2.62, inaminywa karibu asilimia 24. Kwenye kiungo kilichotulia inaweza ikakaa, ila kwenye shimo la pistoni inayotembea itasuguana, itapata joto, itajisokota. Nunua vernia tu ndugu yangu, na upime mfereji badala ya oringi ya zamani, maana ya zamani ilishabonyea au ilishavimba.

Afu angalia inatoka wapi. Kuna maduka oringi zimetungwa kwenye waya mlangoni, jua linazipiga tangu asubuhi. Naitrili inaliwa na jua na ozoni ya hewani ikiwa imening'inia dukani. Kabla hujalipa ipinde, ivute kidogo, itazame kwenye mwanga, ukiona mipasuko midogo kama nywele rudisha. Omba iliyokaa kwenye mfuko, gizani.

Kabla ya kufungua chochote shusha loda na mikono ya nyuma mpaka chini, zima injini, cheza na levya pande zote presha iishe. Na usitafute tundu la kuvuja kwa kupapasa na kiganja, tumia kipande cha boksi. Oili ya presha inayotoka kwenye katundu kadogo inapenya ngozi, kidonda kinaonekana kama umechomwa na sindano tu, lakini ndani inaua nyama, na mtu anaweza kukatwa mkono. Ikitokea ni hospitali muda huohuo, hata kama hakiumi.

Wakati wa kuvalisha ipake oili ileile ya trekta, funika nyuzi za bolti na selotepu isichanwe, bisibisi weka mbali. Gundi ya gasketi usiipake juu ya oringi, itakatika vipande na kuziba vali.

Na kama silinda inavuja kwenye fimbo, pitisha ukucha kwenye ile kromu, ule mng'ao uliopakwa juu ya fimbo, kwanza. Matrekta yanayolala nje Kigamboni na Bagamoyo, chumvi ya bahari inatoboa kromu vishimo vidogo, na hapo kinachozuia oili mara nyingi ni sili ya poliurethani, siyo oringi, na kila fimbo ikiingia na kutoka vile vishimo vinaikwangua. Ukucha ukikwama, peleka fimbo ikapigwe kromu upya au nunua nyingine, maana sili mpya hapo unaitupa.

Ukishafunga, washa, pandisha na kushusha mara kadhaa bila mzigo hewa itoke, shusha mikono ndo upime oili na kijiti, ongeza iliyopungua. Afu beba mzigo, acha oili ipate moto, futa kiungo kwa kitambaa kikavu na uangalie tena baada ya nusu saa ya kazi. Mikono ikiwa inashuka yenyewe wakati injini imezimwa na nje pakavu, basi inavujia ndani, kwenye pistoni au kwenye vali.