Nywele za Kipilipili Nazo Hutengeneza Wigi: Maelezo kwa Anayetaka Kuchangia

Wanawake wanaopita kwenye karakana yangu ya mawigi hapa Mtwara Mjini, hasa walioamua kupunguza nywele walizozifuga kwa miaka kadhaa, huniuliza kama nywele za kipilipili zinafaa kutengenezea wigi la mgonjwa, au kama kazi hiyo ni ya nywele za Kihindi na za Kizungu pekee. Zinafaa. Ila zina namna yake ya kukatwa, kupimwa na kushonwa, na nyingi ninazoletewa huwa zimeshaharibika kwa sababu mwenyewe alikata kwanza, akauliza baadaye.

Nianze na anayezihitaji. Si kila mgonjwa wa saratani hunyonyoka nywele. Mionzi hudondosha nywele za pale inapoelekezwa tu, kwa hiyo mama anayetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi ya nyonga hanyonyoki kichwani kwa sababu ya mionzi hiyo. Dawa za saratani nazo zinatofautiana, lakini doksorubisini na paklitakseli, zinazotumika sana kwa saratani ya matiti, huangusha nywele za wagonjwa walio wengi, na kwa kawaida nywele huanza kutoka wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza. Ndiyo maana mgonjwa wa Newala au Nachingwea aliyepewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka huku kwetu, ni vyema apimwe mzunguko wa kichwa na apigwe picha akiwa bado na nywele zake, kabla hajapanda basi. Picha hiyo hunisaidia kuliko maelezo marefu, kwa kuwa wengi hawatafuti urembo mpya. Wanataka kufanana na walivyokuwa mwezi uliopita. Mama ambaye mtaa mzima unamjua kwa nywele fupi za kusuka kwa uzi, akivishwa wigi lililonyooka hadi mabegani, atakuwa ametangazwa badala ya kusitiriwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuchangia nywele kama zetu, maana zile zilizonyooka tayari zimejaa madukani.

Ugumu uko kwenye ufundi. Wigi la mkono lililozoeleka hutengenezwa kwa kofia ya wavu na sindano yenye ndoana, ambapo nywele chache chache hukunjwa na kufungwa fundo katika kila tundu. Unywele wa kipilipili una umbo bapa zaidi kuliko duara, nao hujipinda katika urefu wake wote, na kila unapojipinda pana udhaifu; ukiufunga fundo na kuuvuta, hukatikia hapo hapo. Kwa sababu hiyo hata shirika la Little Princess Trust la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 2006 ili kuwapatia watoto wagonjwa mawigi, lilikaa miaka mingi bila kutumia nywele za aina hii, hadi mwaka 2021 lilipotangaza kwamba limepata njia ya kuzishughulikia. Njia yenyewe ni ya zamani: nywele hufumwa kwenye nyuzi tatu zilizokazwa kati ya vigingi viwili hadi zitoke utepe mrefu, kisha utepe hushonwa juu ya kofia kwa kuzunguka kutoka kisogoni kwenda utosini. Msusi yeyote aliyewahi kushona wivingi anaijua nusu ya kazi hii, na sioni kwa nini saluni za Masasi na Lindi zisiifanye.

Kila unywele umefunikwa na magamba madogo sana yaliyolaliana kama makuti ya paa, yote yakielekea nchani. Nywele zikichanganywa shina kwa ncha, magamba hushikana na wigi hugeuka kuwa fundo moja kubwa baada ya kuoshwa mara chache. Kwa hiyo nywele zilizozolewa sakafuni, hata ziwe ndefu namna gani, hazinifai, kwani hakuna anayeweza kujua upi ni upande wa kichwa. Anayetaka kuchangia aoshe nywele kwa shampuu, aziache zikauke kabisa, kisha azigawe mafungu madogo madogo na kuyasuka, kila fungu likafungwa kwa mpira karibu na ngozi na jingine nchani. Mkasi upite kati ya ngozi na mpira wa shinani, si chini ya mpira huo. Mafungu yafungwe kwenye karatasi, kwa sababu katika joto na unyevu wa pwani yetu nywele zenye maji kidogo zikifungiwa ndani ya mfuko wa plastiki huota ukungu.

Urefu hupimwa nywele zikiwa zimevutwa taratibu, bila kuchomwa kwa pasi. Mimi hupokea kuanzia sentimita 20, kwa kuwa sehemu ya shina humezwa na ufumaji. Nywele zetu hukua kwa wastani wa sentimita 9 hivi kwa mwaka, wakati za Wazungu hukaribia 14, na bado kuna zile zinazokatika njiani. Basi anayeanza leo ajipe miaka miwili na zaidi. Wigi moja huhitaji kati ya gramu 100 na 150, na ni nadra kichwa kimoja kutosheleza. Nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha huwa zimevunjwa viungo vyake vya ndani, hivyo sizipokei, na zilizopakwa bilichi ni vivyo hivyo. Hina isiyochanganywa na kitu haina neno, mradi niambiwe mapema ili nizitenge kwa rangi yake. Nywele zinazonyolewa katika unyago huwa fupi mno, na mabinti wa shule nao kwa kawaida hutakiwa kuziweka fupi, kwa hiyo wachangiaji wangu karibu wote ni watu wazima.

Kuna jambo ambalo mtu wa pwani hawezi kulipita kimya. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao huu, kuunganisha nywele kwa nywele za binadamu kumekatazwa, na hadithi za Mtume zilizomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim zinamtaja hata binti aliyenyonyoka kwa maradhi. Wapo wanavyuoni wa zama hizi walioruhusu wigi kwa kusitiri kasoro, na zipo nyuzi zisizotokana na mtu ambazo hukumu yake ni nyepesi zaidi. Mimi si mufti. Humwomba mgonjwa na mchangiaji kila mmoja amuulize shehe wake kabla hatujaanza, na kwa asiyeridhika hushona wigi la nyuzi za rasta zilizokunjwa kwa mvuke, ambalo kwa mbali hulitofautishi. Wengine hutosheka na kilemba cha pamba, na ni chaguo zuri.

Kuna pia wanaoogopa kwamba nywele zao zitaangukia mikononi mwa mchawi. Siwacheki, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukizika au kuchoma nywele zilizobaki kwenye kitana. Huwaeleza kwamba nywele zao zitachanganywa na za watu wengine wawili au watatu, na anayetaka hukaa pembeni akaangalia zikioshwa, zikipimwa na kufumwa, na mabaki yote hukabidhiwa akafanye apendavyo. Wengi wakishaona hilo hukubali.

Ngozi ya kichwa ya mgonjwa anayetumia dawa za saratani huwa nyepesi na yenye kuuma, kwa hiyo ndani ya kofia hutandika pamba laini na situmii gundi kamwe. Wigi lioshwe kwa maji ya vuguvugu kila linaposhika jasho, likaushwe kivulini, na lisilaliwe. Kwa kawaida nywele za mgonjwa huanza kuota tena miezi michache baada ya dozi ya mwisho, na wigi lililotunzwa vizuri bado huwa na uhai. Likirudishwa kwangu hubadilisha kitambaa cha ndani, hulifua na kulipunguza au kulipanua, tayari kwa kichwa kingine.