Mtoto wakati wa maafa: tunayoyadhani na yalivyo

Masika yakishika, kati ya Machi na Mei, mabonde ya mjini Unguja hujaa maji, visima vifupi huingiliwa na mashimo ya vyoo, na baadhi ya familia huhamia skoli. Watu wa visiwani hawachelewi kutoa. Tatizo ni kuwa baadhi ya vinavyotolewa kwa moto wa huruma humdhuru mtoto yule yule.

Dhana: Mama aliyefikwa na msiba hukaukiwa, kwa hiyo apelekewe maziwa ya kopo.

Ukweli: Hofu huweza kuchelewesha maziwa kushuka, lakini haiyakati. Ziwa linalonyonywa mara kwa mara huendelea kutoa, na mchanga anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku anashiba. Mpe mama chakula, maji ya kunywa, pembe iliyozibwa kwa kanga, na mtu wa kumshikia wale wakubwa.

Unga wa kopo wenyewe huweza kuwa na vijidudu. Unataka maji yaliyochemshwa, yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, kikombe safi na kuni, kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Katika darasa lililojaa watu hayo hayapatikani. Chupa ndiyo mbaya zaidi, maana chuchu yake haisafishiki kwa maji ya ndoo. Mtoto huharisha, na maziwa ya mama nayo yameshapungua kwa kukosa kunyonywa. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa inataka maziwa ya kopo yasiombwe wala yasipokewe kama mchango.

Aliyefiwa na mama atafutiwe kwanza mnyonyeshaji mwenye afya, aliyepimwa virusi vya UKIMWI. Majina yaandikwe, kwani kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Unguja na Pemba, kunyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili humfanya mtoto huyo na watoto wa mnyonyeshaji kuwa ndugu wasioweza kuoana. Mnyonyeshaji asipopatikana, hapo kopo lina kazi yake: litolewe na mhudumu wa afya, kwa kikombe, na lisikatike katikati.

Dhana: Anayeharisha apumzishwe tumbo, maji yatamzidishia.

Ukweli: Kinachoua ni kukaukiwa na maji. Soma paketi ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini (ORS) kwanza. Nyingi ni za lita 1. Wako wanaoikoroga nzima ndani ya kikombe kimoja ili iwe kali, na chumvi ikizidi humkausha mtoto zaidi. Paketi zikikosekana: maji salama lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. Chini ya miaka 2, mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena kijiko kimoja kimoja. Mchanganyiko ukipita saa 24, umwage. Anyonye na ale kama kawaida, na apewe zinki siku 10 hadi 14 hata kuharisha kukikoma: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6. Macho yakizama, akishindwa kunywa, au choo kikiwa kama maji ya mchele, akimbizwe kituo cha afya.

Dhana: Nguo yoyote ni msaada.

Ukweli: Marobota ya watu wazima huishia kuoza pembeni. Muulize sheha, kiongozi wa shehia. Mara nyingi jibu ni ndoo za mfuniko zenye bomba, sabuni na vyandarua.

Dhana: Mtoto aliyekutwa peke yake aondoshwe upesi, na picha yake isambazwe.

Ukweli: Mara nyingi jamaa zake wako hapo hapo wanamtafuta. Ukimpandisha boti kutoka Mkoani, Pemba, kwenda Unguja, unawapotezea njia. Akae karibu na alipopatikana, kwa mtu anayejulikana na sheha. Andika jina analoitwa nyumbani, wazazi, shehia, nguo alizovaa, mahali na saa, na nani kampokea; nakala moja kwa sheha, nyingine ustawi wa jamii wa wilaya. Picha yenye jina ikizagaa WhatsApp, yeyote anaweza kuja akajiita mjomba. Kwa hiyo bakisha jambo moja lisilotangazwa, kovu au jina la bibi, umuulize anayekuja kumdai, na mtoto naye aulizwe kando.